Bandeji kwenye Tumbo Lisilo na Kidonda

Bon, niseme tu, kwa sababu nikisema mtacheka na nikinyamaza mtacheka vilevile: mimi Zaina, mwanamke mzima wa miaka thelathini na sita, muuza vikwembe, vitambaa vya wanawake vya kujifunga, ninayeheshimika pale soko kuu la Kisangani, nilijibandika bandeji ya uongo tumboni, nikalala nayo siku mbili nikigumia kama mtu aliyepasuliwa, na siku ya tatu ikabanduka yenyewe kwa jasho, ikateleza chini ya kikwembe na kutua kwenye sahani ya lituma, zile ndizi zetu za kupondwa, mbele ya mama mukwe wangu na majirani. Nimeanza na hilo ili mlimalize kulicheka mapema. Yaliyobaki hayachekeshi sana.

Mume wangu ni Saidi, dereva wa lori barabara ya Bafwasende, mtu anayeaga akisema siku nne na kurudi baada ya majuma matatu kwa sababu ya matope. Tuna miaka saba ya ndoa na hatuna mtoto. Hapo ndipo anapoingia mama yake, Mama Hadija, anayekaa Bengamisa, mwanamke wa dini, mikono ya kulima, mdomo usiopumzika, ambaye kila akija mjini alikuwa anaangalia tumbo langu kwanza ndipo ananisalimia. Mwaka huu hakuliangalia. Alikaa kwenye mkeka, akanywa chai yake yote, akamwambia mwanawe kwamba kuna binti wa jirani kule Bengamisa, ana adabu, anasoma Kurani vizuri, na dini haimkatazi Saidi kuwa na wake wawili. Saidi akajibu, “Mama, tungoje kwanza mfungo upite.” Nyinyi wenyewe mnajua, kungoja si kukataa. Mimi nilikuwa jikoni naponda ndizi za lituma, nikasikia kila neno, na niliponda zile ndizi mpaka zikawa uji.

Sasa kuna jambo ambalo yeye Mama Hadija hakulijua, na Saidi hakulijua (na hii ndiyo aibu yangu kubwa, ile ya bandeji ni ndogo). Miaka mitatu kabla ya hapo nilipata mimba. Saidi alikuwa njiani, lori limekwama huko msituni, na mimi sikutaka kumwambia kwa simu inayokatika kila dakika, nilitaka kumwambia ana kwa ana, nione uso wake, donc nikangoja, akaja siku mbili tu akiwa na haraka, nikasema nitamwambia akirudi tena, na mwezi wa nne ile mimba ikatoka. Aliyekuwa nami ni Mado, rafiki yangu wa sokoni, mtoto wa wavuvi wa Wagenia anayeuza samaki wa moshi kando ya meza yangu. Alinipeleka kwenye dispensari moja ndogo ya mtaani, wakanikwangua ndani, nikarudi nyumbani, nikafua mashuka. Saidi alipofika nilimwambia nilikuwa na malaria. Akaninunulia machungwa.

Tangu hapo damu yangu ya mwezi ikapungua, ikawa matone, ikawa karibu haiji. Na mtoto hakuja.

Basi baada ya ile habari ya binti wa Bengamisa nilikwenda hospitali, kwa daktari mmoja mwanamke, mpole, asiyeharakisha mtu. Huyo nilimwambia yote, kwa sababu kwa mgeni ni rahisi. Akachukua karatasi akanichorea kizazi changu, kikafanana na avoka, yaani parachichi, iliyopinduliwa, akasema baada ya kukwanguliwa kuta za ndani wakati mwingine hugandana, kama kurasa za daftari lililoloa maji, ndiyo maana damu haitoki na mimba haipati pa kukaa. Dawa yake, akasema, ni kuingia na kuangalia. Kazi hiyo inaitwa histeroskopi: kijibomba chembamba chenye taa na kamera kwenye ncha, kinapita njia ya kawaida ya mwanamke, kinavuka mlango wa kizazi, wanaingiza maji safi ya chumvi ili kizazi kitanuke, picha inaonekana kwenye televisheni, na wakikuta kilichogandana wanakikata palepale kwa kijimkasi kinachopita ndani ya bomba lilelile.

“Na tumbo mutapasua upande gani?” nikauliza.

“Hatupasui, mama. Hakuna kisu, hakuna nyuzi. Unakuja asubuhi, mchana unarudi kwako. Tumbo litakuuma kama siku zako, damu kidogo itatoka siku chache. Ila kwa majuma mawili usilale na mume, usiingize kitu chochote, na usikalie maji ya moto ya majani, kizazi kitakuwa bado wazi, utaingiza ugonjwa.”

Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu. Mimi nilisikitika. Kwa kuwa nani atajua? Dada yake Saidi alipasuliwa wakati wa kujifungua, na hakuna mwanamke Bengamisa ambaye hajaonyeshwa lile kovu, kwenye harusi wanaliangalia, kwenye msiba wanaliangalia, na Mama Hadija mwenyewe hulielezea kwa kidole, kutoka hapa hadi hapa, kwamba binti yake amemtafuta mtoto kwa damu yake. Mimi nimetafuta miaka saba na sina hata mkwaruzo. Nirudi nyumbani mchana, kwa miguu yangu, niseme walinitazama kwa taa? Wangesema nilikwenda kutembea mjini.

Ndipo nikapiga simu. Neno moja tu nilibadilisha, wallahi, neno moja.

“Mama, Jumanne batanipasua.”

“Subhanallah! Batakupasua wapi?”

“Tumbo.”

“Juu ya mutoto?”

“Juu ya mutoto, mama.”

Kisha akasema, “Mwanangu.” Miaka saba nilikuwa “bibi ya Saidi”, hata nikiwa nimekaa palepale, na leo naitwa mwanangu, na sauti yenyewe inatetemeka. “Mwanangu, miye mwenyewe nitakuja kuwa garde-malade yako. Na ile maneno ya binti, tutaiacha kwanza.”

Niambieni, nani kati yenu angesema hapo hapo, samahani mama, nimekosea neno? Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema, “Aksanti, mama.”

Kwetu, hospitali inakupa kitanda tu, mengine ni ya ndugu: garde-malade ndiye anayekuja na mkeka wa kulalia chini ya kitanda chako, anakupikia uani, anakuosha, anakaa mpaka unatoka. Mimi nilihesabu kwamba Mama Hadija atafika Jumatano, wakati mambo yamekwisha na nimeshapanga uongo wangu vizuri. Jumanne saa moja asubuhi nafika kwenye geti la hospitali na Mado, namkuta amekaa. Ana mkeka, ana mbabula ya kupikia, ana gunia la makaa, sufuria mbili, mkungu wa ndizi, kuku wawili wazima wamefungwa miguu, na nyuma yake wanawake kumi na mmoja wa mtaa wetu wa Kabondo, aliowazungukia mlango kwa mlango tangu jana yake nikiwa sokoni, akalala kwa mmoja wao, wamejifunga mitandio, wamekuja kunisomea dua. Wakaniona, wakaanza kulia.

“Ya Zaina,” Mado akaninong'oneza, maana huniita Ya, dada mkubwa, “hii sasa utaiweka wapi?”

Nikakumbatiwa na wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kama maiti anayeagwa.

Ndani kulikuwa kimya. Nikachomwa sindano ya kutuliza maumivu, lakini sikulazwa usingizi, na daktari akageuza ile televisheni upande wangu, akasema kama nataka nitazame na kama sitaki nigeuze uso. Nikatazama. Mara tumbo likabana, nikauma mkono, maji yakaingia, na kwenye kioo kikatokea kijichumba chekundu, kidogo, na katikati kuna kama utando wa buibui, mweupe, umeshika ukuta huu na ukuta ule. Kile kijimkasi kikaja kutoka pembeni, kikakata utando mmoja, kikakata mwingine, polepole, na chumba kikawa kinafunguka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu. Kwa lile sikujiandaa. Nilifikiri, ni hapa alikaa. Miezi minne mtu wangu alikaa humu, hiki ndicho chumba chake, na mimi nimekaa miaka mitatu nikisema malaria. Nikalia pale kitandani, miguu juu, bila heshima yoyote, na daktari akauliza kama ananiumiza, nikasema hapana, endelea. Huko nje nikawasikia wanawake wanaitikia amina, na harufu ya moshi wa makaa inapita dirishani.

Haikufika hata nusu saa. “Imekwenda vizuri,” daktari akasema. “Pumzika kidogo, saa sita unaweza kwenda nyumbani.”

Saa sita! Na nje kuna makaa ya juma zima.

Alors, mniangalie sasa nilivyo mtu wa kupanga. Ndani ya mfuko wangu nilikuwa na kompresi na sparadra ya kubandikia nilizonunua duka la dawa Jumatatu, na kichupa cha Betadini, ile dawa nyekundu ya vidonda. Nikamvuta Mado kwenye choo cha wagonjwa, nikapandisha kikwembe, nikamwambia abandike.

“Ya Zaina, mimi ni mutu wa samaki, si munganga.”

“Bandika.”

“Na siku bakisema batoe nyuzi?”

“Mado, bandika!”

Akabandika. Akamimina Betadini katikati ili ionekane kama damu, akarudi nyuma kuangalia kazi yake, akatikisa kichwa. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tumeshikana mabega kwenye kile choo, na katikati ya kucheka nikamwona anafuta machozi. Yeye ndiye aliyenishika ile siku ya kwanza, mimba ilipotoka.

Nikatoka nimejikunja, mkono tumboni, hatua za kobe. Mama Hadija akaja mbio, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mbio kabisa. “Banakuruhusu leo? Mutu wa kupasuliwa analala siku saba!” Nikasema kitanda hakuna, hospitali imejaa. (Mnaona? Wa pili huo, na nilikuwa nimetembea hatua kumi tu.) Wakazima makaa, wakafunga mikeka, wakanipakia kwenye taksi pamoja na kuku, na wengine wakafuata kwa pikipiki, msafara mzima mpaka Kabondo, watu wanasimama barabarani wanauliza nani amekufa.

Siku mbili zile, sijui niziseme vipi. Sijawahi kupendwa na yule mama kama siku zile. Alinilisha kwa mkono wake. Alinifunika, alinipepea, alifukuza inzi. Alifua vitambaa vyangu vya damu mwenyewe, nikamkataza, akasema mtu hamkatazi mama yake. Kila aliponiita mwanangu nilifunga macho, na yeye akadhani ni kidonda. Tatizo likawa maji. Kwetu mwanamke akijifungua au akipasuliwa, mama hupasha maji ya moto sana na majani ndani yake, anamkanda tumbo, na kumkalisha juu ya mvuke. Jioni ya kwanza akaleta ndoo, nikasema kidonda kibichi. Jioni ya pili akaleta ndoo, nikasema daktari amekataza, ambalo lilikuwa kweli, lakini kwa kuwa nimeshazoea kudanganya hata ukweli nilikuwa nausema kwa woga.

“Basi nione tu, kidonda kisioze,” akasema.

“Kesho, mama.”

Kesho ndiyo Alhamisi. Jua la mchana, joto la Kisangani mnalijua, nyumba ya mabati, na wanawake saba wamekuja kunitazama, wameketi kwenye mkeka, sote tumezunguka sahani kubwa ya lituma na samaki alioleta Mado. Nilikuwa nimelowa jasho kuanzia asubuhi. Nikainama kuchukua kipande, nikasikia kitu kinateleza taratibu tumboni, nikabana mkono, nikachelewa. Ikaanguka. Upande wa Betadini juu.

Mama Hadija akaichukua kwa vidole viwili, akaigeuza, akaona upande uliogusa ngozi ni mweupe, hauna hata tone. Akaniangalia. Kisha akaja, akapiga magoti, akafungua kikwembe changu mbele ya wote, na mimi sikumzuia, akapitisha kiganja chake tumboni, kutoka hapa hadi hapa, polepole, anatafuta.

“Kidonda iko wapi?”

“Mama, hakuna kidonda. Hii dawa si ya kupasua, ni ya kuangalia, banapitisha kamera…”

“Damu nilifua siku mbili. Damu ya nini?”

“Mama, nisikilize.”

“Damu, na kidonda hakuna.” Akasimama. Niliona wazo linavyomjia, niliona kwenye uso wake, na nilijua ni wazo gani kabla halijafika mdomoni, kwa sababu hata mimi ningewaza hivyohivyo. “Ulitoa mimba ya mutoto wangu.”

Wanawake wakaanza, yalaa, yalaa. Mado akapiga kelele kwamba si kweli, wakamwambia anyamaze, mambo ya watu hayamhusu. Hebu fikirini: nilidanganya ili wajue nimemtafuta mtoto, na ule uongo ndio uliosimama pale kunishitaki kwamba nimemwua.

Akampigia Saidi, akaweka simu sauti ya wote kusikia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe na yule mtu, mtandao wa Bafwasende ukawa safi kama maji ya kunywa.

“Zaina? Mama anasema nini?”

“Sikutoa mimba, Saidi. Wallahi sikutoa. Banasafisha ndani yangu juu ya ile ya zamani.”

“Ya zamani gani?”

Nilikuwa nimeshaisema. Wanawake saba, Mado, mama yake, wote wananitazama mdomo.

“Zaina. Ya zamani gani?”

“Miaka tatu. Ilitoka yenyewe.”

“Ilikuwa ya miezi ngapi?”

“Ine.”

“Na miye nilikuwa wapi?”

“Njiani. Ulikuja siku mbili, ulikuwa na haraka, nikasema nitakuambia ukirudi.”

“Na niliporudi?”

“Nilikuambia malaria.”

Tukasikia anavuta pumzi. “Nilikuletea machungwa,” akasema. Halafu akakata simu.

Alirudi baada ya siku tisa. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimeomba apige. Akanipeleka hospitali siku ya kurudi kuangaliwa, na mama yake nyuma, na daktari akawachorea ileile avoka, akawaeleza kijibomba na taa na maji, akawaambia Jumanne ile sikuwa na mimba. Mama Hadija akauliza mara tatu. “Hakuwa nayo?” “Hakuwa nayo, mama.” Jioni hiyo akajifunga mtandio, akazunguka mlango kwa mlango kwa wale wanawake wote, akiwaambia kwamba alinisingizia. Hilo nitamheshimu nalo mpaka nife.

Asubuhi ya kurudi Bengamisa alikuwa ameshabeba mbabula yake, akasimama mlangoni.

“Ile siku ya kwanza, ulikuwa na nani?”

“Na Mado.”

“Iliuma?”

Nikafikiria nimjibu nini, nikakuta sina tena cha kubuni. “Iliuma, mama. Iliuma sana.” Akaiweka mbabula chini, akarudi akakaa karibu nami kwenye mkeka mpaka lori lake likamwacha.

Lakini Saidi hakukaa. Alikuja kuniambia kwa adabu zake zote, kofia mkononi. “Mutoto ningengoja, Zaina. Hata miaka kumi. Lakini nilikaa na weye miaka tatu na sikujua kama nimefiwa.” Ijumaa moja baada ya sala wakasoma fatiha Bengamisa, akamwoa yule binti. Siku hizi lori likitoka Bafwasende, anakaa majuma mawili kule, juma moja kwangu, na juma langu tunazungumza habari za barabara. Damu yangu imerudi, kila mwezi, kama saa. Daktari amefurahi, anasema chumba kiko wazi kabisa.

Wapo wanawake sokoni ambao wameandikiwa kipimo hicho cha kamera, na Mado huwatuma kwangu niwaeleze, eti mimi mtaalamu. Ninawaeleza. Ninawaambia hawatakukata, utaona picha, itabana kama siku zako, mchana utarudi kwako, usikalie maji ya moto. Kisha ninawaambia lile nililojiapiza, wengine hucheka, wengine huinamisha kichwa: usiende kununua sparadra. Rudi nyumbani useme ulikwenda kufanya nini na kwa sababu gani, na kama kuna mtoto uliyempoteza peke yako, mwambie baba yake kabla hajaenda kukununulia machungwa.